Neno Meshuva na Koti la Ouma

Jumatatu, 3 Machi

Yeremia sura ya tatu. Asubuhi nzima, mistari mitano tu. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Neno la Kiebrania lililotukwamisha ni meshuva. Halipatikani mara nyingi. Yeremia analitumia kuliko wengine wote, Hosea kidogo, Mithali mara moja. Yeremia anamwita Israeli hivyo, kama jina la mwanamke: Meshuva. Kasisi Nahashon, kiongozi wetu wa kazi hii ya kutafsiri Agano la Kale upya kwa Kijaluo, anataka tuandike ng'anjo. Yaani uasi. Nimesema uasi ni wa mtu anayemwinukia mfalme. Hili neno linatoka kwenye kugeuka. Mtu alikuwa anaenda huku, akageuka akaenda kule. Kasisi akasema tofauti haipo. Wenzetu wawili wa kamati wakaangalia dirishani, ziwa limefunikwa na magugu hadi kwenye gati.

Tumeliacha.

Ouma amepiga simu mara mbili. Sikushika. Najua ni mvua.

Jumatano, 5 Machi

Naandika shajara hii kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo ni kazi na Kiebrania ni kazi. Hapa hakuna anayenisahihisha.

Nimeshika simu ya Ouma leo. Ouma ni mdogo wa Tobias, marehemu mume wangu. Akasema kwa upole, kama kawaida yake: "Shemeji, mvua iko karibu. Tunafanyaje?"

Kule kwao Seme kupanda kuna zamu. Mama mkwe kwanza. Kisha nyumba ya mtoto mkubwa, ambayo ni ya Tobias, ambayo sasa ni yangu. Halafu ndiyo Ouma. Lakini Tobias alifariki mwaka juzi na mimi sijarithiwa na ndugu wa mume. Mjane ambaye hajarithiwa hagusi mbegu. Haingii nyumba ya mtu. Wananiita chi liel, mke wa kaburi. Nisipopanda, Ouma hapandi. Msimu uliopita walinisubiri niamue, mwishowe wakapanda kwa kuchelewa kipande cha kukodi, wakavuna kidogo sana.

Wa kunirithi ni Ouma. Ouma hataki. Mke wake Lilian hataki. Mimi sitaki. Kanisa langu haliruhusu. Na bado tuko pale pale.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali ya Kombewa. Mama mkwe bado amelazwa. Mapafu. Amekonda mpaka mkufu wa rozari umemzidi shingo.

Hospitali si nyumba ya mtu. Kwa hiyo hapa tu ndipo ninaweza kukaa naye ndani ya kuta nne. Nyumbani huwa nakaa nje chini ya paa, yeye anakaa mlangoni, tunaongea hivyo, mvua ikija nanyeshewa. Leo nimemkata kucha. Nimempaka mafuta miguu. Alilala nikiwa nimeushika mguu mmoja.

Nje nikakutana na Mzee Agola, mdogo wa baba mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Hakunisalimia kwa mkono. Akaniita binti wa Alego, kwetu nilikozaliwa: "Nyar Alego, wewe ni msomi. Unatafsiri Biblia. Lakini boma la mume wako umelipa mgongo."

Umelipa mgongo. Nilirudi Kisumu na maneno hayo. Yeremia anasema karibu vivyo hivyo kuhusu watu wake, kwamba wamempa Mungu mgongo badala ya uso. Nilikasirika kwamba Agola, asiyenipenda, ndiye amenieleza neno vizuri kuliko kamati.

Jumatatu, 10 Machi

Kasisi Nahashon aliniita pembeni kabla ya kuanza. Amesikia kuna shinikizo nyumbani. Akanikumbusha kwamba kila mtu mezani hapa ni mshirika kamili wa kanisa. Mjane akirithiwa anatengwa. Akitengwa hawezi kutafsiri. "Sisemi kwa ubaya, Mama Awino. Ni utaratibu."

Nikasema najua utaratibu.

Awino, binti yangu, yuko kidato cha tatu, bweni. Sijamwambia lolote.

Nikikubali, mimi ni msaliti wa kanisa. Nikikataa, msaliti wa boma. Hakuna mlango wa tatu. Nimeutafuta leo mchana kutwa, na Yeremia akiwa wazi mbele yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imenyesha Seme. Kisumu vumbi tu.

Alhamisi, 13 Machi

Lilian amekuja kwangu Kaloleni. Hajawahi kuja peke yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaondoa viatu ingawa nilimwambia asiondoe.

Nampenda Lilian. Siku ya mazishi ya Tobias ndiye alinishika nisianguke. Alizungumza akiangalia sakafu.

"Watu wote wamepanda. Jirani, mpaka yule wa ng'ambo ya barabara. Kwetu jembe zinakaa tu. Watoto wananiuliza."

Kisha akatoa wazo lake. Koti. Kuna familia za kikristo zinafanya hivyo. Koti la mrithi linatundikwa ndani ya nyumba ya mjane usiku mmoja, asubuhi linachukuliwa, basi. Mrithi mwenyewe halali pale. Ouma atalala kwa Lilian. Wazee wataona koti likiingia na koti likitoka, watasema imekwisha. Si lazima waambiwe alilala wapi.

"Hiyo koti ni koti tu, dada yangu. Haitakugusa."

Akaanza kulia. Si kwa sauti. Mimi pia. Hatukushikana. Nafikiri kila mmoja aliona aibu ya kumfanya mwenzake alie.

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Nilisema ndiyo kwa sababu ni rahisi. Niandike hivyo, isije baadaye nikasema ni huruma.

Jumapili, 16 Machi

Jana nilikwenda Seme. Nyumba yetu na Tobias ina harufu ya popo. Nilifagia. Kabla ya giza Ouma akaja na koti, lile la kijivu la kwendea kanisani. Mzee Agola na wanawake wawili walikuwa uani wakitazama. Ouma akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, hakuniangalia, akapita mlango wa nyuma uliotazama migomba. Nikafunga.

Nililala na koti lile. Yaani chumba kimoja na koti. Nililigeuzia mgongo. Baadaye nikaona ni upuuzi, nikaligeukia.

Asubuhi Lilian akaleta uji, akalichukua. Mzee Agola akaja mpaka mlangoni na akanipa mkono. Mara ya kwanza tangu mazishi. Wanawake wakaingia ndani, wakakaa, wakaniita mke mwema. Kisha tukaenda shambani. Mama mkwe hayupo, kwa hiyo mwanamke mwingine wa ukoo aliweka mbegu kwa niaba yake. Halafu mimi. Halafu Lilian akakimbilia upande wake, kweli alikimbia, na Ouma na watoto nyuma yake.

Niliona furaha yao nikafurahi. Kweli nilifurahi. Nikarudi Kisumu, Biblia sikuifungua.

Jumatatu, 17 Machi

Tumelirudia neno. Safari hii tulisoma mpaka mstari wa kumi na moja.

Kuna dada wawili pale. Israeli aliondoka waziwazi, akapewa talaka. Yuda akaona, akabaki nyumbani, akarudi kwa mumewe, lakini si kwa moyo. Kwa kujifanya. Na Mungu anasema yule aliyeondoka, Meshuva, ana haki kuliko huyu aliyebaki akidanganya. Nimefundisha sura hii darasani. Nimewaeleza watu. Leo ilikuwa kama kuvuliwa nguo mezani.

Kasisi akauliza mbona kimya. Nikasema kichwa.

Kisha: "Ulikuwa Seme wikendi?"

"Nilienda kupanda."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hajui desturi za Seme vizuri, yeye ni mtu wa ng'ambo ile ya ziwa. Lakini atauliza. Lazima atauliza.

Jumatano, 19 Machi

Ameuliza.

Habari imefika kanisani. Sijui imepitia kwa nani, wanawake wa Seme wana dada zao Nyamasaria na Kaloleni hii hii. Wanasema nimerithiwa. Nimeitwa mbele ya baraza Jumapili baada ya ibada.

Uongo umefanya kazi kuliko tulivyotaka.

Alhamisi, 20 Machi

Nikiwaambia baraza ukweli, kwamba lilikuwa koti tu, Agola atasikia. Nikikaa kimya, nafukuzwa mezani. Lilian amepiga simu. Hakunisihi. Alisema tu mahindi hayajaota bado, na mtoto wake mdogo ana homa, na kwamba wakigundua watasema homa ni chira, laana ya mwiko. Watasema ni mimi. Na watasema Mama amezidiwa kwa sababu yangu.

"Mama amezidiwa?"

"Jana aliwekewa oksijeni."

Nyumba hii ya vyumba viwili nimeizunguka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekaa na Mama mkwe mchana kutwa. Ameondolewa mpira puani. Anaweza kuongea, polepole.

Nilikuwa nimeamua nisimwambie. Nikamwambia. Koti, mlango wa nyuma, mbegu, baraza. Nilimwambia nikikunja shuka lake, nikilikunjua, nikilikunja.

Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akasema, "Wewe unajua nani alinirithi mimi?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza. Ndoa yangu yote sikuwahi kuuliza.

"Agola."

Akaeleza kidogo kidogo, akipumzika kati. Alipofiwa, Tobias alikuwa anatambaa. Agola akaja. Alikula mpaka ghala likaisha, kisha akarudi kwa mke wake. Akawa anakuja mavuno tu. Mama hakulalamika. Watu walimsifu. Mpaka leo kanisani kwao wanamtaja yeye wakifundisha wasichana uvumilivu.

"Sikuenda popote. Nilikaa pale pale," akasema. "Lakini sikuwa pale. Unaelewa? Nilipika, nililima, nilizaa Ouma. Na mimi sikuwa pale."

Nilizaa Ouma. Alisema hivyo kwa sauti ile ile. Sikuthubutu kuinua macho. Ouma hajui, au anajua na hasemi.

Nikamuuliza nifanye nini.

"Sema kitu ilifanyika. Mimi bado niko hai. Kama ni kufa, nitakufa na mapafu yangu, si na koti ya mtu."

Muuguzi akaja na dawa. Mama akamwambia, "Huyu ni binti yangu."

Jumapili, 23 Machi

Baraza. Wazee saba na Kasisi Nahashon, katika kile chumba cha shule ya Jumapili, kwenye viti vya watoto. Magoti ya kila mtu juu.

Nikasema. Sijarithiwa. Lilikuwa koti. Nilikubali litundikwe ili watu waamini jambo ambalo halikutokea. Nimewadanganya wakwe zangu na nimekudanganya wewe, Kasisi, Jumatatu ile.

Nilifikiri watafurahi angalau kwa nusu. Walinong'onezana. Uamuzi: kwa sababu nimeshiriki mila, ingawa kwa koti, nimesimamishwa meza ya Bwana mpaka watakapokaa tena. Na kazi ya kutafsiri nipumzike kwanza.

Mzee mmoja alisema kama ningenyamaza pengine wangelimaliza kimyakimya. Alisema kwa wema. Hiyo ndiyo iliniumiza.

Jumatatu, 24 Machi

Seme. Nimekwenda mwenyewe kabla habari haijafika. Nilisimama nje ya lango, sikuingia.

Mzee Agola alitoka na fimbo yake. Ouma nyuma. Lilian mlangoni kwake na mtoto mgongoni, mtoto amepona kidogo. Nikasema yote tena. Mara ya pili ni ngumu zaidi, sijui kwa nini.

Agola hakupiga kelele. Alimgeukia Ouma. "Ni kweli?"

Ouma akaangalia viatu vyake. "Ni kweli, Baba."

Humwita hivyo siku zote, kama wanavyoita wote ndugu wa baba. Mimi ndiye nilisikia tofauti leo.

Agola akasema shamba limeharibika. Akasema nisikanyage hapa tena, hata Mama akifa nitasikia kwa watu. Akasema: "Huyu amegeuka. Mwacheni aende na mgeuko wake." Akafunga lango. Ni lango la miti na mabati, halishiki vizuri, ilibidi alifunge mara mbili.

Lilian hakuniangalia. Namwelewa. Inauma na namwelewa.

Jumatano, 26 Machi

Sijatoka. Sina pa kwenda. Ofisi hapana, kanisa hapana, Seme hapana. Nimepika ugali, nikauacha, nikala uliobaki wa jana.

Nawaza: nimesema kweli kila mahali na kila mahali pamefungwa. Nilidhani ukweli ungefungua hata dirisha.

Nina hasira na Tobias kwa kufa. Sijawahi kuandika hivyo.

Ijumaa, 28 Machi

Hii naiandika polepole nisiruke kitu.

Asubuhi Ouma akapiga simu. Mama ameruhusiwa. Gari la kukodi lipo langoni mwa hospitali, Mzee Agola yumo, lakini Mama amekataa kupanda. Amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje na mfuko wake mapajani. Anasema anakwenda Kaloleni.

"Kaloleni kwa nani?" nikauliza kama mjinga.

"Kwako, shemeji."

Nikafika. Bado alikuwa pale. Agola alikuwa amesimama juu yake, watu wengi wanatazama, wenye pamba za kutolewa damu mikononi, akina mama na watoto. Alikuwa akimwambia kwamba mama hakai nyumba ya mtoto wake, ni mwiko, hata mtoto akiwa marehemu.

Mama akasema, "Hiyo nyumba si ya Tobias. Ni ya kaunti. Nyumba ya kaunti haina mwiko."

Mtu mmoja akacheka. Agola akashusha sauti. Akamwambia akiondoka hivi atakuwa amelikataa boma, uzee wake wote, sifa zake zote.

Mama alimtazama. Nilikuwa karibu, niliona uso wake. Haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa umechoka tu.

"Agola, mimi nilikataa hilo boma kitambo. Wewe hukuona kwa sababu nilikuwa nakupikia."

Agola akaenda kuketi garini, kiti cha mbele, na kufunga mlango.

Ouma alibaki. Alimtazama mama yake, akamtazama yule mzee garini. Sijui aliona nini. Kisha akachukua mfuko wa Mama, akamwinua kwa kwapa, akasimamisha gari lingine. Hakwenda na Agola. Alikuja nasi mpaka Kaloleni, akabeba godoro la Awino akaliweka chumba cha mbele, akanywa maji, akasema atarudi kesho kutwa.

Mlangoni akageuka. "Shamba sitang'oa," akasema. "Nimepanda kwa mkono wangu."

Mama amelala. Anapumua kwa mlio, lakini anapumua. Yuko ndani ya nyumba yangu, na mimi nimo, na paa ni moja.

Jumatatu, 31 Machi

Kasisi Nahashon amepiga simu. Sauti ya mtu aliyetumwa na nafsi yake. Kamati imeamua: ng'anjo. Uasi. Alitaka nisikie kwake.

Nikamshukuru. Kisha nikasema, kwa sababu sina cha kupoteza: "Kasisi, Hosea mwishoni anasema Mungu ataiponya meshuva yao. Yeremia pia. Uasi unaponywa? Uasi unasamehewa, au unapigwa. Kinachoponywa ni mtu ameumia. Labda aligeuka kwa sababu aliumia."

Nilisikia feni ya ofisini.

"Katika Kijaluo tunasema dok chien," nikaendelea. "Kurudi nyuma. Neno lile lile la kurudi. Mtu hajavunjika miguu. Anaweza kurudi tena. Nyinyi mmemwandikia neno ambalo halina njia ya kurudi."

"Mama Awino," akasema, "kamati imeshapiga kura."

"Najua utaratibu."

Mwishowe akasema wakifika Hosea ataniuliza tena. Hakuahidi. Ni mtu makini, haahidi.

Mama aliuliza ni nani. Nikasema kazini. Akasema nimeongea kwa ukali mzuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Bado nimesimamishwa. Bado sijui nitalipwa nini mwezi huu. Agola ametuma ujumbe kwamba wazee watakaa. Lilian hajapiga. Ouma alikuja na ndizi, akakaa na mama yake, wote wawili wakitazama barabara. Mama alishika mkono wake. Sikuuliza.

Mvua ilinyesha mchana. Nilitoa nguo kwenye kamba, Mama akanielekeza kutoka kitini ni ipi ianze. Anaingia chumba chochote anachotaka. Anafungua sufuria zangu. Jana alihamisha sukari, sijaiona mpaka sasa.

Tulikula samaki mapema. Sasa amekaa kwenye godoro, miguu imefunikwa, ananitazama nikiandika. Ameuliza naandika nini. Nikasema siku tu, Mama, naandika siku.

Akafikiri.

"Basi andika samaki ilikuwa na chumvi mingi."

Samaki alikuwa na chumvi nyingi.